Maswali yenu: Paratairoidi imezidisha kazi, nikatwe, nimeze dawa au nisubiri?

Barua zimekuwa nyingi na karibu zote zinazunguka palepale: kalsiamu iko juu kwenye damu, mtu kaambiwa tezi ya paratairoidi inafanya kazi kupita kiasi, na hajui afanye nini. Nimechagua chache, nimezifupisha na kuondoa majina. Naomba uzisome zote hata kama yako haimo, maana jibu la mmoja hapa linaweza kuwa hatari kwa mwenzake. Jina la ugonjwa linafanana lakini matibabu yanatofautiana kabisa kutegemea chanzo.

SWALI: Habari za kazi dokta. Mimi ni mama wa miaka 56, nilienda kupima damu kwa mambo mengine kabisa wakakuta kalsiamu 2.78, nikarudia ikatoka 2.81 na maabara wanasema mwisho ni 2.60. Alafu wakapima hiyo homoni ya PTH ikaja 118 wakati mwisho wao ni 65. Sina maumivu ila nachoka sana na nasahausahau. Daktari wa kwanza kasema nikatwe, wa pili kasema tusubiri tuangalie. Nimuamini yupi? Nimechanganyikiwa kwa kweli.

JIBU: Salama dada yangu, pole. Inawezekana wote wawili wana hoja, ila kwa vipimo ulivyonitajia sioni kama kuna aliyekuwa na taarifa za kutosha kuamua.

Tuanze na tezi zenyewe. Wengi wetu tunazo 4, zimekaa nyuma ya tezi ya thairoidi shingoni, kila moja ni kama punje ya mchele, na japo majina yanafanana kazi yake na ya thairoidi hazihusiani. Paratairoidi inalinda kalsiamu isishuke kwenye damu, basi. Ikishuka, tezi zinatoa PTH, na hiyo homoni inavuta kalsiamu kutoka kwenye mifupa, inazuia figo zisiimwage kwenye mkojo, na inazifanya figo ziamshe vitamini D ili utumbo nao ufyonze kalsiamu nyingi zaidi kwenye chakula. Kalsiamu ikishatosha tezi zinatakiwa kunyamaza. Kwako kalsiamu iko juu na bado PTH inamwagwa, maana yake kuna tezi ambayo haisikii tena. Na kuna jambo huwa linawapita hata wahudumu wa afya: kalsiamu ikiwa juu, PTH ya "kawaida" nayo ni tatizo, kwa sababu mtu mwenye tezi nzima PTH yake hapo ingekuwa imeshuka chini kabisa. Ndo maana nasisitiza hivi vipimo viwili visomwe pamoja, tena vya damu iliyotolewa siku moja, kimoja peke yake kinadanganya.

Kwa watu wapatao 8 kati ya 10 wenye hali kama yako mkosaji ni tezi moja tu iliyovimba, uvimbe usio na saratani. Waliobaki wana tezi mbili au zaidi zilizokua, na saratani yenyewe ni chini ya mtu 1 kati ya 100, kwahiyo hilo usilale nalo macho.

Sasa matibabu. Kwa aina hii inayoanzia kwenye tezi yenyewe, kinachoponya ni kuitoa hiyo tezi. Dawa zipo na nitazieleza huko chini lakini haziponyi. Ila kuponya ni jambo moja na kuamua nani akatwe sasa hivi ni jambo lingine, na wataalamu wa kimataifa wameweka vigezo, vya karibuni vilitoka 2022. Upasuaji unashauriwa kama kalsiamu imevuka kiwango cha juu cha maabara kwa zaidi ya 0.25 (namba zote za kalsiamu ya damu hapa ni milimoli kwa lita), au una chini ya miaka 50, au mifupa imepungua uzito hadi kufikia kiwango cha ugonjwa au pingili ya mgongo imeshavunjika hata kama hukuhisi, au figo zimepungua nguvu chini ya 60 (namba inayoitwa eGFR, yaani kasi ya figo kuchuja damu), au kuna mawe kwenye figo, au mkojo wa saa 24 unatoa kalsiamu zaidi ya miligramu 250 kwa mwanamke na 300 kwa mwanaume. Kigezo kimoja tu kinatosha, si lazima vitimie vyote.

Wewe umevuka kwa 0.21, na miaka 50 umeshapita, kwahiyo kwa damu peke yake hujafika. Lakini mifupa yako imepimwa? Hilo ndo swali langu kubwa kwako. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi mifupa inaliwa pande mbili, hedhi imekoma na PTH inavuta. Omba kipimo cha DEXA, yaani cha uzito wa mifupa, na wakupime sehemu tatu: nyonga, uti wa mgongo na mkono karibu na kiganja. Mkono mara nyingi unasahaulika, na huo ndo PTH inauharibu mapema. Omba pia picha ya mgongo, ultrasaundi ya figo, kreatinini (damu inayoonyesha figo zinavyochuja), vitamini D na huo mkojo wa saa 24. Mawe kwenye figo yanaweza kukaa kimya miaka, wewe unasema huna maumivu na kumbe yapo.

Uchovu na kusahau havimo kwenye vigezo kwa sababu vina vyanzo vingi, na tafiti hazikubaliani kama vinaisha baada ya upasuaji. Wapo wanaojisikia wapya kabisa na wapo wasioona tofauti, sitakudanganya. Lakini ujue kwamba hata usipotimiza kigezo chochote bado unaruhusiwa kuchagua upasuaji, mradi huna ugonjwa mwingine unaokuzuia na mpasuaji ni mzoefu. Na ukichagua kusubiri, kusubiri kwenyewe kuna ratiba: kalsiamu na figo kila mwaka, mifupa kila mwaka mmoja au miwili, na hali ikibadilika mnarudi mezani. Kama huyo daktari wa pili hakukupa tarehe ya kurudi wala orodha ya vipimo, hapo hujapewa matibabu yoyote dada yangu, rudi ukamwambie.

SWALI: Shikamoo dokta. Naandika kwa niaba ya mama yangu, ana mawe ya figo yanamrudia rudia na alivunjika kiwiko kwa kuanguka kidogo tu. Kalsiamu iko juu, PTH juu. Wamempiga ultrasaundi ya shingo na ile skani ya nyuklia, zote zimetoka safi hakuna uvimbe, tukaambiwa basi hana ugonjwa wa paratairoidi na hakuna cha kukata. Tumerudi nyumbani, lakini mawe yanaendelea. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na umefanya vizuri kuandika maana hili linaniumiza kila nikilisikia. Ugonjwa huu unagunduliwa kwa damu. Picha haziko kwa ajili ya kusema una ugonjwa au huna, ni za kumuonyesha mpasuaji aanzie wapi. Uvimbe unaweza kuwa mdogo sana, au zimekua tezi mbili tatu kwa pamoja kila moja kidogo kidogo na hapo skani inakosea kirahisi, au tezi imekaa mahali pasipotarajiwa. Mtoto akiwa bado anaumbwa tumboni hizi tezi zinasafiri kushuka shingoni, na saa nyingine moja inapitiliza mpaka kifuani au inabaki juu karibu na taya, au inajificha ndani ya thairoidi.

Historia yenyewe inalisema hili. Upasuaji wa kwanza uliofanikiwa ulifanywa Vienna mwaka 1925 na Felix Mandl, kwa kondakta wa tramu aitwaye Albert Gahne ambaye mifupa ilikuwa inavunjika ovyo. Wakati huo wengi waliamini tezi inavimba ili kuisaidia mifupa, kwahiyo Mandl alianza kwa kumuongezea tezi nyingine! Haikusaidia, ndo akageuza mawazo akatoa uvimbe, na mgonjwa akapata nafuu kubwa ingawa ugonjwa ulimrudia baadaye. Muda huo huo kulikuwa na nahodha wa meli huko Marekani, Charles Martell, aliyekatwa shingo mara nyingi bila kuonekana kitu, mpaka mwaka 1932 kwenye oparesheni ya 7 uvimbe ukakutwa kifuani. Tangu hapo wapasuaji wanajua kwamba kutoonekana si kutokuwepo.

Mama yako ana mawe na ana mfupa uliovunjika kwa kishindo kidogo, hivyo kila kimoja kinatosha kumpeleka kwenye upasuaji. Anachohitaji ni kupelekwa kwa mpasuaji anayefanya paratairoidi mara kwa mara, huyo anaweza kuomba siti skani ya kupiga kwa awamu dawa inapopita kwenye mishipa, na hata hiyo isipoonyesha bado anaweza kuingia na kuzikagua tezi zote nne kwa macho, njia ya zamani ambayo mikononi mwa mzoefu inafanya kazi vizuri sana. Kabla ya hapo wahakikishe mambo mawili: vitamini D ipo ya kutosha, na mkojo wa saa 24 umepimwa (utaona sababu kwenye barua ya kaka mmoja huko chini). Na muulizeni kama anameza vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini, hivyo vinaweza kuvuruga kipimo cha PTH kwenye baadhi ya mashine, aviache siku kadhaa kabla ya kutoa damu.

SWALI: Dokta mimi ni mwalimu, sauti ndo kazi yangu. Nimepangiwa upasuaji wa tezi moja upande wa kulia na naogopa kubaki bubu. Nimesoma mambo mengi sana mtandaoni sasa silali. Niambie ukweli kinachofanyika humo ndani, na je kalsiamu yangu haitashuka kabisa baadaye?

JIBU: Hofu yako ina msingi, mwalimu, nyuma ya thairoidi pale pale kwenye tezi zetu unapita mshipa wa fahamu unaoendesha nyuzi za sauti. Ukiguswa tu sauti inakwaruza kwa wiki au miezi alafu inarudi. Ukikatika, hapo ndo tunaongelea kukwaruza kwa kudumu, siyo ububu, na kwa wapasuaji wazoefu hiyo ya kudumu inatokea chini ya mara 1 kwa wagonjwa 100 hivi. Kwahiyo swali la kumuuliza mpasuaji wako uso kwa uso, bila aibu, ni hili: kwa mwaka unafanya paratairoidi ngapi na wangapi sauti ziliharibika? Mpasuaji mzuri hakasiriki kuulizwa. Mwambie kazi yako pia, na uombe nyuzi za sauti zikaguliwe kwa kamera kabla, ili ijulikane ulikuwaje. Wengine wana mashine ya kufuatilia huo mshipa wakati wa upasuaji, ni msaada mzuri ingawa haichukui nafasi ya uzoefu.

Kinachofanyika: kama picha zimeonyesha tezi moja waziwazi, unachanwa kidogo chini ya shingo, sentimita 3 au 4 hivi, mara nyingi kwa nusukaputi ila inawezekana hata kwa ganzi ya shingo. Mpasuaji anaifuata ile tezi moja tu. Na kuna kitu kizuri sana hapa, PTH haidumu kwenye damu, nusu yake inapotea ndani ya dakika chache. Kwahiyo kwenye hospitali zenye kifaa hicho wanakutoa damu kabla, wanatoa tezi, wanasubiri kama dakika 10, wanatoa tena. Homoni ikiwa imeshuka zaidi ya nusu wanajua mkosaji ametoka na wanafunga. Isiposhuka wanajua kuna mwenzake mahali na wanaendelea kutafuta ukiwa bado umelala. Kwa mpasuaji mzoefu zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100 wanapona, na wengi wanarudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake.

Kuhusu kalsiamu kushuka, itashuka, na kidogo inategemewa. Zile tezi tatu zilizobaki zimelala muda mrefu kwa sababu mwenzao alikuwa anafanya kazi zote, zinahitaji siku kadhaa kuamka. Kati ya siku ya 2 na ya 4 ndo inakuwa chini zaidi na unaweza kuhisi midomo inakufa ganzi, vidole vinachomachoma kama sindano. Wengi wanapewa vidonge vya kalsiamu kwa wiki chache na inaisha. Kama mifupa yako ilikuwa imeliwa sana kabla, inaweza kuvuta kalsiamu yote ya damu kwa pupa ili ijijenge, hapo inashuka vibaya na inahitaji dripu, ndo maana wagonjwa wa aina hiyo wanakaa wodini zaidi. Mikono ikianza kukakamaa, au shingo ikavimba ghafla na pumzi ikawa nzito, usisubiri asubuhi, rudi hospitali saa hiyo hiyo. Damu kuvujia shingoni ni nadra lakini inaziba njia ya hewa haraka.

Alafu usiache kliniki kwa sababu kidonda kimepona. Tunahesabu mtu amepona pale kalsiamu ikiwa ya kawaida miezi 6 baada ya upasuaji.

SWALI: Dokta mume wangu ana miaka 74, moyo wake dhaifu na daktari wa usingizi amekataa kumlaza. Kalsiamu inacheza 2.9 mpaka 3.0. Wametuandikia sinakalseti. Je itamponya? Na tuwe tunaangalia nini?

JIBU: Haitamponya mama, ila inaweza kumkalisha salama na hilo si dogo. Sinakalseti inaidanganya tezi iamini kwamba kalsiamu ni nyingi kuliko ilivyo, basi tezi inapunguza kutoa homoni na kalsiamu kwenye damu inashuka, kwa wengi mpaka kiwango cha kawaida. Kwa ugonjwa huu kwa kawaida inaanza miligramu 30 mara mbili kwa siku, ameze na chakula maana kichefuchefu ndo kinachowafanya wengi waiache. Akiiacha kalsiamu inapanda tena. Kwa huyu wenu kuna jambo la ziada, moyo. Kalsiamu ikishuka kupita kiasi inaharibu mapigo, na dawa yenyewe inaweza kupandisha kiwango cha baadhi ya dawa za moyo mwilini. Mpeleke daktari karatasi yenye dawa zote anazomeza, na damu ipimwe ndani ya wiki ya kwanza na kila dozi inapobadilishwa.

Kitu ambacho sinakalseti haifanyi ni kurudisha mifupa. Kwa mifupa kuna dawa nyingine kama alendroneti, inaongeza uzito wa mifupa lakini haigusi kalsiamu ya damu, ndo maana kuna wagonjwa wanapewa zote mbili. Denosumabu, ile sindano ya kila miezi 6, nayo inajenga mifupa, ila ukishaanza usiikatishe kiholela, mifupa inaporomoka haraka ikiachwa bila dawa nyingine kuchukua nafasi. Angalieni pia kabati la dawa: vile vidonge vya presha vya kukojoza vya kundi la thaiazaidi vinapandisha kalsiamu, na litiamu ya wagonjwa wa akili vilevile. Asiache mwenyewe, muulizeni daktari kama kuna mbadala.

Na ningeuliza swali moja zaidi kabla ya kufunga mlango wa upasuaji: amekataliwa nusukaputi, je ganzi ya shingo imezungumziwa? Kama uvimbe umeonekana wazi upande mmoja, kuna wagonjwa wa moyo wanaofanyiwa wakiwa macho. Pia kuna vituo vinavyochoma tezi kwa sindano ya joto wakiongozwa na ultrasaundi, hiyo si chaguo la kwanza na haifanyiki kila mahali lakini kwa mtu asiyeweza kukatwa inafaa kuulizwa.

Mwisho, mjue alama za hatari. Akianza kutapika, kukojoa sana na kiu isiyoisha, kuchanganyikiwa au kulala ovyo, apelekwe hospitali siku hiyo. Kalsiamu ikifika 3.5 na kuendelea ni dharura, anahitaji dripu ya chumvi ya kutosha, kwa moyo wake itabidi waende taratibu na kwa uangalizi, pamoja na kalsitonini inayofanya kazi ndani ya saa chache na sindano ya asidi ya zoledroniki ambayo inachukua siku mbili tatu lakini inadumu.

SWALI: Mambo dokta. Mimi nina kalsiamu 2.70, PTH 58, sijisikii chochote. Kumbe baba naye ana kalsiamu juu tangu zamani, na kaka yangu alishakatwa tezi mbili lakini kalsiamu ikabaki vilevile. Mkojo wangu umetoka na kalsiamu kidogo sana. Nipange upasuaji?

JIBU: Poa kaka. Hapana, usipange chochote kwanza. Unachoelezea kinafanana sana na hali ya kurithi ambapo kile kihisio cha kalsiamu kwenye tezi na figo kimewekwa juu kidogo kuliko kwa watu wengine. Mwili unaona 2.70 ni sawa, figo zinaibakiza kalsiamu badala ya kuitoa, ndo maana mkojo una kidogo. Kwa wengi haidhuru mifupa wala figo na haihitaji tiba, na ukikata tezi kalsiamu inabaki palepale kama ulivyoona kwa kaka yako, pole yake. Mwambie daktari apige hesabu ya uwiano wa kalsiamu na kreatinini kati ya mkojo na damu, ukiwa chini ya 0.01 na vitamini D iko sawa basi tunaelekea huko, na kipimo cha vinasaba kinaweza kuthibitisha. Hiyo ndo sababu nilimwambia yule mwenye mama kwamba mkojo upimwe kabla ya kisu.

SWALI: Mie nipo kwenye dayalisisi mwaka wa tano. PTH yangu ni 900, kalsiamu ni ya kawaida, fosfeti iko juu, ngozi inawasha usiku kucha. Na mimi nikakatwe tezi?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Kwako tezi hazikuanza zenyewe kuharibika, zimesukumwa. Figo zikishindwa, fosfeti (madini yanayotoka kwenye chakula) inajaa, vitamini D haiamshwi, kalsiamu inataka kushuka, tezi zote nne zinahangaika kuipandisha mwaka hadi mwaka mpaka zinanenepa. Kwahiyo tunaanza kwa kuondoa kinachozisukuma: fosfeti ya chakula ipunguzwe kwa msaada wa mtaalamu wa lishe, hasa vyakula vya viwandani vilivyowekewa fosfeti maana hiyo inafyonzwa karibu yote, dawa za kukamata fosfeti ambazo lazima zimezwe pamoja na mlo (nyingi zikimezwa tumbo tupu hazina faida), na muda wa kwenye mashine usikatwe. Juu ya hapo vitamini D iliyokwishaamshwa kama kalsitrioli, kwa uangalizi kwa sababu inapandisha kalsiamu na fosfeti, na sinakalseti au mwenzake wa sindano anayetolewa mwisho wa dayalisisi.

Hatuilazimishi PTH yako iwe kama ya mtu mwenye figo nzima, ikishuka sana mifupa inalala, yaani inaacha kujijenga upya. Miongozo inakubali mara 2 hadi 9 ya kiwango cha juu cha maabara, kama mwisho wa maabara yako ni 65 basi ni kama 130 hadi 585, nawe umevuka. Lakini namba moja haitoshi, inatazamwa inakoelekea kwa miezi kadhaa. Ikiendelea kupanda pamoja na dawa, au mifupa inauma, au kalsiamu nayo ikaanza kupanda, hapo upasuaji unakuja mezani, na kwako unakuwa tofauti na wa mwalimu hapo juu: zinatolewa tatu na nusu, au zote nne na kipande kidogo kinapandikizwa kwenye misuli ya mkono wa mbele ili kikizidi kazi tena kipunguzwe bila kugusa shingo. Kalsiamu itashuka sana baada yake, jiandae kukaa wodini. Kama uko kwenye mpango wa kupandikizwa figo mwambie daktari mapema, wapo ambao tezi zinatulia baada ya figo mpya na wapo ambao zimeshazoea kazi na hazinyamazi tena.

SWALI: Dokta nimeacha maziwa na kila kitu chenye kalsiamu tangu niambiwe nina paratairoidi. Niko sahihi?

JIBU: Hapana, rudi kwenye chakula chako cha kawaida. Kalsiamu yako haipandi kwa sababu ya maziwa, ukiinyima tumbo tezi itakwenda kuichukua kwenye mifupa yako. Lenga kama miligramu 1000 kwa siku kutoka kwenye chakula, vidonge vya kalsiamu usimeze bila kuandikiwa. Vitamini D ikiwa chini iongezwe polepole kwa kupimwa, upungufu wake unaipandisha PTH zaidi. Kunywa maji ya kutosha siku nzima, tembea, usikae kitandani sana, na ukiugua ukaharisha au kutapika usijikaushie nyumbani, maji yakipungua mwilini kalsiamu inapanda haraka.

SWALI: Shikamoo dokta, nina miaka 27 na mimba ya wiki 15. Kalsiamu 2.95, PTH juu. Wamesema nifanyiwe upasuaji nikiwa na mimba, mama mkwe anakataa katakata. Mtoto atapona?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mweleze mama mkwe kwa upole kwamba hofu yake ni ya upendo lakini hapa kinachomtisha mtoto zaidi ni hiyo kalsiamu. Ikibaki juu hivyo inaongeza hatari ya mimba kuharibika, na wewe kupata mawe, kongosho kuvimba na presha ya mimba. Miezi ya 4 hadi 6 ndo wakati unaofaa zaidi kukatwa, viungo vya mtoto vimeshaumbika na mji wa mimba bado si mkubwa sana, nawe uko ndani ya muda huo sasa. Uvimbe utatafutwa kwa ultrasaundi, skani ya nyuklia itaachwa. Dawa nyingi za mifupa nilizotaja juu si za mjamzito, usipewe kwa kubahatisha.

Kwa umri wako omba pia kipimo cha vinasaba, ugonjwa huu kwa kijana saa nyingine unatokana na hali ya kurithi inayogusa tezi zote nne pamoja na kongosho na tezi ya ubongoni, na hiyo inabadilisha mpasuaji atakachokata. Na kama kwa sababu yoyote utajifungua kabla ya kufanyiwa, wakunga na daktari wa watoto waambiwe mapema: mtoto amezoea kalsiamu nyingi kutoka kwako, tezi zake zimelala, na siku au wiki za kwanza kalsiamu yake inaweza kushuka akapata degedege. Wakijua watampima damu tangu siku za mwanzo na kumpa kalsiamu akihitaji.